Miaka 14 ya kuwa mama mkwe: nikatae au niendelee?

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwigizaji, nina miaka 38. Nilianza kwenye michezo ya redio nikiwa na miaka 24, na tangu siku ya kwanza nikapewa sauti ya bibi kwa kuwa nilikuwa naiweza. Nimekuwa bibi, shangazi mchonganishi, mganga, na zaidi ya yote mama mkwe. Miaka mitatu iliyopita niliingia kwenye tamthilia za televisheni, huko nako mama mkwe tu. Juzi waongozaji wawili, kila mmoja kwa wakati wake, wameniambia 'unacheza kiredio'. Sokoni natukanwa. Mwanangu wa darasa la tano anaulizwa shuleni kama nyumbani huwa nawawekea watu sumu. Sauti yenyewe inakwaruza tangu mwezi uliopita. Wenzangu wananishauri nipunguze mwili, nikatae nafasi hizi, nisubiri ya steringi. Sasa nimeletewa mama mkwe mwingine, vipindi 52, nitoe jibu wiki ijayo. Malipo ni kwa siku, mkataba ni ukurasa mmoja. Nakutumia na kipande changu cha sini ya msibani ukitazame. Je, nikikubali tena ndiyo nimejifungia? Na mtu anaweza kuishi maisha yake yote akiwa mtu wa pembeni?"

Marahaba, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kipande chako nimekitazama mara nne, mara ya mwisho nikiwa nimezima sauti. Kwa nini nilizima, nitakueleza mbele.

Umefunga mambo mengi kitita kimoja, ndiyo maana mzigo unakuelemea. Naanza na lile ulilolitaja kwa sentensi moja na kulipita, kwa sababu lenyewe haliwezi kungoja wiki ijayo: koo lako.

Mwanamke akizungumza kawaida, nyuzi zake za sauti hugusana takriban mara 200 kwa sekunde. Ukibana koo ili upate ule mkwaruzo wa bibi, unazilazimisha zigongane kwa nguvu, na ukifanya hivyo miaka nenda rudi zinaweza kuota vinundu, kama sugu za kiganja cha mtu wa jembe. Vinundu mara nyingi hutulia kwa kupumzisha sauti na kwa mazoezi ya mtaalamu. Lakini mkwaruzo una sababu nyingine pia, nyingine nyepesi na nyingine nzito, na hakuna mwalimu wa uigizaji anayeweza kuzitofautisha kwa kukusikiliza. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Hospitali za rufaa wanaye. Wewe umeshavuka hizo wiki tatu. Ukiona damu, ukiumia kumeza au kupumua kukawa kwa shida, usisubiri miadi, nenda siku hiyohiyo. Kabla ya hapo kunywa maji, acha kukohoa-kohoa kusafisha koo, na usidhani kunong'ona ni kupumzika, kwani kunong'ona nako huzichosha nyuzi zilezile. Na mwambie daktari kazi yako. Mtu akisema tu "sauti imekauka" hupewa dawa ya mafua akarudi nyumbani.

Hata ukipona, bibi muhamishe, asikae tena kooni. Uzee unasikika zaidi kwenye pumzi. Mzee huishiwa hewa katikati ya sentensi, hutafuta neno, humeza mate, huanza kuketi kabla hajamaliza anachosema. Ukiziweka hizo, sauti yako ya miaka 38 itasikika ya miaka 70 bila kujikaba.

Haya, sasa hofu yenyewe. Wenzako wanakuambia usubiri nafasi ya steringi. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunaijua sheria: steringi hafi. Risasi zinampita, jambazi anakosa shabaha, pikipiki inawaka mara ya kwanza. Ni kweli, hafi. Ila ana kazi moja kwa wakati, na sura yake ikichuja simu haiiti. Yule anayekufa dakika ya 20 anaweza kufa mara tano kwa mwaka, akalipwa mara tano, na mwaka unaofuata akaitwa tena aje afe. Mimi nimekufa hivyo mara nyingi hadi mke wangu akazoea kuniuliza asubuhi, "Leo unakufa saa ngapi, nikubakizie chakula?"

Kosa la ushauri ule ni kumdhania mwigizaji wa wahusika, yaani wa nafasi za pembeni kama wewe, kuwa steringi aliyefeli, kama mtoto aliyerudishwa darasa. Hizi ni kazi mbili. Steringi analipwa ili mtazamaji amtamani, au ajione ndani yake. Wewe unalipwa ili mtazamaji aamini kwamba ile nyumba ina watu: mama mwenye nyumba, karani wa mahakama, jirani anayechungulia dirishani. Ukiharibu wewe, hata steringi ataonekana anaigiza.

Mfuatilie Thelma Ritter wa Marekani. Alizaliwa mwaka 1902, akafanya jukwaa na redio, na filamu yake ya kwanza ilikuwa ya mwaka 1947, kwa nafasi ndogo mno ya mama aliyechoka kuzunguka madukani akimtafutia mwanawe zawadi. Alikuwa na miaka 45, saba zaidi yako. Kuanzia hapo aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mara sita, zote kwa nafasi za usaidizi. Hakushinda hata moja, na kazi ziliendelea kumfuata. Sasa kaa vizuri: uteuzi mmojawapo, wa filamu ya mwaka 1951, aliupata kwa kuwa mama mkwe. Kijana ameoa binti wa watu wakubwa, mama anakuja kuwatembelea, binti anamdhania mpishi aliyeagizwa, naye anaamua kunyamaza na kupika. Mwandishi alimpa yule mama siri, na ile siri ndiyo iliyobeba kazi nzima.

Walter Brennan naye, Mmarekani mwingine, Oscar ya mwigizaji msaidizi ilipoanzishwa kwa filamu za mwaka 1936, aliichukua ya kwanza, akachukua ya 1938, akachukua ya 1940. Tatu katika tano za mwanzo. Ile ya 1938 aliipata kwa kucheza mzee wa mambo ya farasi, hali yeye mwenyewe ana miaka 44. Mwaka 1957 akaingia televisheni kama babu wa familia, akiwa na miaka 63, na safari hiyo umri ulikuwa umemkuta kwenye uhusika. Wewe umeanza ubibi ukiwa na miaka 24. Piga hesabu mwenyewe, miaka 25 ijayo utakuwa umeyatembelea mara ngapi maeneo ambayo wenzako ndiyo kwanza watakuwa wanayaingia, tena kwa kulia.

Lakini umeuliza kuhusu kufungwa, na hilo lipo. Nataka uone linavyotokea.

Hakuna njama dhidi yako. Mtazame mwongozaji wa tamthilia upande wake wa meza. Ana sini nyingi za kumaliza leo, jenereta inanguruma, na nyumba waliyokodi lazima irudishwe saa mbili usiku. Mtazamaji wake yuko nyumbani anachambua mboga, jicho moja kwenye sufuria na moja kwenye runinga. Ndani ya sekunde tano huyo mtazamaji anatakiwa ajue kwamba aliyeingia ni mama mkwe na hajaja kwa heri. Nani analeta hilo bila kuelekezwa? Wewe. Basi anakupigia. Hasomi wasifu wako. Anafuata alivyokuona mara ya mwisho. Kwa hiyo ukikataa ukakaa nyumbani, ile picha kichwani mwake haibadiliki, yeye anapiga tu namba inayofuata. Itabadilika siku atakapokuona, kwa macho yake, ukifanya jambo asilolitegemea ndani ya kazi ileile aliyokuitia.

Wakenya hawajamsahau Mzee Ojwang. Jina lake lilikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu, na kwa takriban miongo mitatu alikuwa mzee wa Kijaluo kwenye vipindi vya KBC, runinga ya taifa ya Kenya, hasa Vitimbi, na Mama Kayai pembeni yake kama mkewe. Lafudhi aliishika kiasi kwamba wengi hawakuwahi kushuku kuwa si Mjaluo. Unaweza kusema alifungwa: mhusika mmoja, mke yuleyule wa kwenye runinga, mwaka baada ya mwaka. Mimi naona alichimba kisima kimoja na hakuacha kuchimba. Ojwang mwenye vijisenti mfukoni na Ojwang aliyebanwa na mkewe hawakutembea kwa hatua moja. Hata hivyo sikufichi na upande wa pili. Alifariki Julai 2015, na katika miaka yake ya mwisho macho yalimsumbua hadi Wakenya wakachanga fedha za matibabu yake. Jina lote lile, na bado mchango. Nitalirudia hili nikifika kwenye mkataba wako, kwa sababu gereza unaloliogopa naliona huko kwenye ule ukurasa mmoja. Kwenye kanga ya mama mkwe silioni.

Kwa hiyo usikatae mama mkwe. Mkatae mama mkwe yuleyule. Utawatofautisha vipi? Ukipewa andiko, tafuta anachokiogopa huyo mama. Kama mwandishi hajakiandika, kitafute mwenyewe na usimwambie mtu. Tuseme ndiye anayetumiwa hela ya dawa za presha na mwanawe kila mwisho wa mwezi, na tangu kijana aoe hela inachelewa. Sasa mweke mama huyo jikoni na mkwewe, umpe mstari uleule wa kila siku: "Hii chumvi mwenzangu unamwaga tu, hainunuliwi?" Mtu anayechezea ubaya atatoa jicho. Mwenye presha atakuwa anaangalia kikopo cha chumvi. Maneno hayajabadilika hata moja, na mtazamaji ameona kiumbe kingine.

Wabaya wazuri wote wanakwenda hivyo. Mchezo wa Twende na Wakati ulipoanza Radio Tanzania mwaka 1993, aliyetukaa kichwani hakuwa yule anayetoa mawaidha ya afya. Alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake huku na huko barabarani. Mchezo ule ulijengwa kwa mbinu ya Miguel Sabido, mtu wa televisheni wa Mexico, ambaye huwapanga wahusika makundi matatu: wema, wabaya, na wanaoyumba katikati. Msikilizaji anatarajiwa kuyumba na hao wa katikati, lakini mbaya ndiye anayeendesha gari, maana anafanya anachokitaka mbele ya watu wote. Masikioni mwangu Mkwaju hakusikika kama shetani. Alisikika kama mtu anayefurahia maisha, na ndiyo maana UKIMWI ulipomfikia tulinyamaza. Mkewe Tunu alianza akiwa mnyonge, akaja kusimama na biashara yake. Nao waliofanya haya yote hatukuwahi kuwaona nyuso.

Hapo tumefika kwenye "unacheza kiredio". Samahani, hili nitalieleza kwa urefu, maana ndilo ninalolifundisha na ndilo linaloonewa zaidi. Watu wanalisema kama tusi. Mtu aliyepikwa na redio ana silaha ambazo mrembo aliyeokotwa mtandaoni hana: anasoma andiko kwa haraka, anashika tempo, anajua sentensi inavunjika wapi, na anaweza kuwa watu watatu kwenye kipindi kimoja bila msikilizaji kugundua. Shida ni kwamba redioni kitu kisiposikika hakipo. Ukikasirika, hasira lazima ipite kooni. Ukigeuka, sauti lazima igeuke na maiki. Ukisimama kutoka kwenye kigoda, unaguna ili msikilizaji ajue umesimama. Miaka 14 mwili wako umekuwa ukitumika kuisukuma sauti. Halafu kamera inakuja inauona ule mwili.

Ndiyo sababu nilizima sauti. Nilitaka kuona mwili wako unafanya nini peke yake, na niliona mambo mawili. Nyusi zako zinatangulia kila neno unalolikazia, na kichwa kinaitikia kila nukta, kama mwalimu anayesomesha imla. Kwenye maiki hilo linasaidia, maana mwili ukitikisika sauti inapata uzito. Kwenye kloz-apu, kamera ikiujaza uso wako, mtazamaji anapewa habari moja mara tatu: kwa nyusi, kwa kichwa, kisha kwa maneno. Anachoka kabla hujamaliza.

La pili ni lile lililonifanya nikuandikie kwa urefu huu. Karibu na mwisho, yule kijana anaposoma wosia, wewe huna neno. Unakizungushia kidole ncha ya kanga, unaifungua, unaizungusha tena. Macho yako hayako kwa kijana, yako kwenye mikono ya mkweo. Hapo nilisahau kwamba nakagua. Kumbe unaijua kamera, dada yangu, ila unaijua pale tu ambapo hujapewa maneno.

Basi fanya hivi. Weka simu juu ya kabati, usawa wa macho, hatua mbili kutoka ulipo. Chukua ungo wa mchele uuchambue kwelikweli, mawe yatoke. Sema ule mstari wa chumvi huku unachambua, bila kuacha. Mikono ikishakuwa na kazi yake, nyusi zinapoteza ajira. Rudia mara tano, kisha utazame bila sauti kwanza. Ukielewa kinachoendelea bila kusikia neno, na hujajiona ukikieleza, umepata. Mara ya sita iache simu ikurekodi ukimsikiliza mtu mwingine anasema mistari yote. Wewe sikiliza tu. Mhariri akikaa kwenye kompyuta yake anatafuta uso wa kumkatia wakati steringi anaongea, na anauchukua ule unaosikiliza. Waigizaji wa wahusika wanaodumu wanaishi kwenye vipande hivyo. Jambo moja dogo la kiufundi: ukishika kikombe kwenye neno fulani, kishike kwenye neno hilohilo kila wanaporudia, la sivyo vipande havitaunganika na watakukata wewe. Sauti nayo, kuna maiki juu ya kichwa chako. Ongea na aliye mbele yako, achana na walio nyuma ya ukuta.

Wala redio usiiache. Mwigizaji wa Marekani William Conrad alikuwa sauti ya Matt Dillon, mlinda sheria wa kwenye Gunsmoke, mchezo ulioanza kwenye redio ya CBS mwaka 1952. Ulipohamishiwa televisheni mwaka 1955, nafasi hiyo akapewa James Arness, jitu refu. Conrad alikuwa mnene. Akaendelea na Dillon redioni hadi mwaka 1961, akauza sauti yake kwenye televisheni kama msimulizi asiyeonekana, na mwaka 1971 akapewa tamthilia yake mwenyewe, Cannon, akiwa mpelelezi mnene ambaye hakuna aliyehangaika kumficha tumbo. Ilikwenda hadi 1976. Kupunguza mwili, kwa hiyo, ni jambo lako na daktari kama afya inadai. Kama ni kwa ajili ya usaili, muulize kwanza anayekushauri yeye ameitwa mara ngapi mwaka huu.

Matusi ya sokoni yatapungua ukiyajibu kwa utani na kuongeza bei ya nyanya unazonunua. Hapo natania, ila nusu tu. Muuzaji akikutukana kwa aliyoyafanya mhusika, kazi yako imefika. Mtoto ndiye wa kuangaliwa. Mchukue siku ya likizo umpeleke seti, aione ile sumu kuwa ni juisi ya ukwaju, aionje, akawasimulie wenzake. Akiendelea kusumbuliwa, zungumza na mwalimu wake wa darasa ana kwa ana. Usimwachie mtoto akutetee.

Fedha. Hapa nabadilika sauti kidogo.

Malipo kwa siku hayana ubaya yenyewe. Ubaya ni siku zisizohesabiwa. Tuseme unalipwa shilingi 100,000 kwa siku na umeitwa siku nane kwa mwezi. Kichwani umeshaandika 800,000. Kati ya hizo nane, mbili umekaa chini ya mwembe tangu saa kumi na mbili asubuhi, mvua ikanyesha, ukaambiwa rudi kesho. Zinalipwa? Kanga na mawigi ni yako? Nauli ya usiku ni ya nani? Toa hayo yote halafu ugawe kwa siku ulizoamka kwa ajili yao. Hiyo ndiyo bei yako halisi, na ndiyo unayoipeleka mezani kujadiliana.

Kisha ule ukurasa mmoja. Mimi niliwahi kukuta uso wangu kwenye tangazo la bidhaa ambayo sijawahi kuigusa, wamenikata kutoka kwenye sini niliyokuwa nakula ugali. Kampuni siitaji. Nilipokwenda kulalamika walinitolea karatasi yenye saini yangu mwenyewe, na ndani yake maneno mawili: "matumizi yote". Sikuwa na la kusema, nikapanda daladala.

Hayakuwa yangu peke yangu. Amri Athumani, mtu wa Tanga ambaye nchi nzima ilimwita King Majuto, aliigiza tangu utotoni na kuwachekesha Watanzania kwa miongo. Mwaka 2018, mwaka aliofariki, mikataba yake ya matangazo ikawa mjadala wa taifa, na serikali ikaingilia kuipitia. Ni hapo wasanii wengi walipoanza kuuliza karatasi zao zinasema nini. Unaona sasa kwa nini nilikuahidi kumrudia Ojwang. Hawa wawili hawakukosa mapenzi ya watu.

Kwa hiyo kabla hujasaini, hakikisha karatasi inataja siku ngapi wanakuhakikishia hata wasipokuita, siku ya kusubiri inalipwaje, na wakichelewesha malipo inakuwaje. Itaje wataionyesha wapi na kwa muda gani, na kwamba wakirudia, wakiuza kwa kituo kingine au wakiiweka mtandaoni, kuna chako. Tangazo liwe mkataba mwingine kabisa. Na siku hizi ongeza mstari wa sauti na sura yako kutotengenezwa kwa kompyuta bila ridhaa ya maandishi. Wewe hasa, ambaye kuna rekodi zako za miaka 14 kwenye makabati ya watu. Sheria yetu ya Tanzania ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mwigizaji kama mwenye haki katika uigizaji wake, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndio wa kuanzia ukitaka kuelekezwa. Walioko Zanzibar waende COSOZA, na wasomaji wetu wa Kenya waulize chama cha haki za waigizaji cha kwao. Lakini vipindi 52 ni kazi kubwa, usiisaini kwa ushauri wa barua. Mlipe wakili saa moja aisome mbele yako, akiwa amewahi kushika mikataba ya wasanii. Gharama yake inaweza kuwa chini ya siku zako za mwembeni.

Swali lako la mwisho, kama mtu anaweza kuishi maisha yote pembeni. Anaweza, na nimewaona, ila sijamwona aliyeishi kwa tamthilia peke yake. Ana redio, ana sauti za matangazo, anafundisha vijana Jumamosi, wengine wana duka. Miezi ya ukame inakuja, hata kwa wanaopendwa. Mtu akikuahidi vinginevyo, ana darasa la kukuuzia.

Uamuzi wangu kama ningekuwa wewe: ningekubali, kwa masharti. Kwanza daktari aseme koo lipumzike kiasi gani, na tarehe za kurekodi zifuate hilo. Pili ule ukurasa mmoja urekebishwe. Wakikataa kuugusa kabisa, hilo ni jibu tosha kuhusu watakavyokulipa, kataa na usijute. Tatu, kaa na mwandishi kabla ya kipindi cha kwanza umuulize mama huyu anafika wapi ifikapo cha 52. Kama yuko palepale alipoanza, mwombe sini moja tu, popote katikati, ambayo mama yuko peke yake nyumbani na hana neno hata moja la kusema. Waandishi huikubali upesi, kwa sababu haiwagharimu kuandika chochote. Siku ya kuirekodi, vaa kanga ile ya msibani.